Spana Namba Kumi na Nne

3 Machi

Baba, shikamoo.

Mimi mzima. Gari ndilo gonjwa, na nimechoka nalo hadi kwenye kucha.

Nimekupigia simu mara kumi na moja tangu Jumapili. Inaita mpaka inakata. Ulisema ile ya zamani ni mbovu, nikakutumia mpya kwa basi. Ukasema mtandao wa huko ni wa kubahatisha. Shangazi mmegawana ukuta na mtandao wake unafanya kazi vizuri tu. Haya, naandika, maana barua ndizo unazojibu. Kondakta wa basi la asubuhi ameshanizoea, akiniona stendi ananyoosha mkono hata kabla ya salamu.

Shida ni mlima. Unajua hospitali iko juu. Kila Jumatatu na Alhamisi nawachukua wagonjwa wangu watatu wa figo majumbani kwao, nawapeleka kwenye mashine ya kusafisha damu, nawasubiri, nawarudisha. Kwenye tambarare gari halina neno. Likisimama, injini inazunguka taratibu, ungesema halijawahi kumkosea mtu. Likianza kupanda, nikakanyaga mafuta, linazubaa. Nikikanyaga zaidi, linazubaa zaidi. Ni kama kuna mtu amelishika shati kwa nyuma. Rejeta inachemka, mafuta yanaisha sijui yanakwenda wapi. Mwezi wa kumi na mbili lilikuwa linapanda kwa kujivuta, nikadhani ni uzee. Sasa kila wiki ni afadhali ya iliyopita.

Leo limesimama kabisa, kwenye kona ya ukuta wa mawe. Mwalimu mstaafu alishuka bila kuombwa. Mama Mshonaji akafuata na mkoba wake kifuani. Bwana Posta, ambaye hawezi kutembea, akabaki ndani akiniomba msamaha kwa uzito wake. Baba, mgonjwa wa figo ananiomba mimi msamaha. Nilitamani ardhi inimeze.

Fundi wa mtaani kwetu tunamwita Fundi Jaribu, kwa sababu kila neno lake ni "tujaribu hiki". Amebadilisha plagi, filta ya hewa na pampu ya mafuta, na kabureta ameisafisha mara mbili. Kilichobadilika ni mimi tu, nimekuwa mkali.

Msimamizi wa magari wa hospitali aliwaona wagonjwa wakitembea. Ameniambia tarehe 30 atapanda yeye mwenyewe, watu wanne ndani, kutoka geti la chini hadi mlango wa wagonjwa bila kusimama. Likishindwa, kazi anapewa mwingine. Na lile sharti lake la kwanza, nililokuandikia mwezi wa kumi na moja, liko palepale: gari lisiwe na kelele, maana wodi ya mahututi iko kando ya njia.

Gari umelitengeneza wewe. Uliniletea likiwa na bomba la moshi jipya kutoka mbele hadi nyuma. Niambie nianzie wapi.

Najua bado una kinyongo na mimi. Lakini hili ni la gari, na la gari hujawahi kuninyima.

Binti yako,
Spana


6 Machi

Spana,

Marahaba. Barua imefika na duara la kikombe cha chai mgongoni. Mwambie kondakta wako barua si meza.

Fundi anayebadilisha plagi kwa sababu gari halipandi mlima ni sawa na daktari anayemkata kucha mgonjwa wa tumbo. Nani alimpa huyo mtu ruhusa ya kushika chombo changu?

Angalieni klachi, itakuwa inateleza. Kama si klachi ni tapeti za vali, zimekazwa mno. Kama si tapeti, kuna breki moja inashika bila nyinyi kujua. Inueni magurudumu mzungushe moja moja kwa mkono. Hayo yatosha kumpa kazi wiki nzima huyo Jaribu wako.

Bomba msiliguse. Bomba ni jipya, nimelichomelea kwa mkono huu.

Kuna jambo hujaniambia. Gari lina kelele? Majirani wanasemaje ukiliwasha asubuhi? Mlinzi wa hospitali je, anageuka likipita? Niandikie hilo vizuri, usiniandikie nusunusu.

Shangazi yako anakusalimu. Mtandao bado.

Baba yako


10 Machi

Baba, shikamoo.

Klachi haitelezi. Klachi ikiteleza injini inapanda juu na gari linabaki nyuma. Hili langu injini yenyewe ndiyo haipandi. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo nikiwa na miaka kumi na miwili, nimelala chini ya gari kukupokeza spana. Sasa sijui umesahau au unanizungusha.

Tapeti zimepimwa, ziko sawa. Magurudumu yote manne tumeyazungusha kwa mkono, yanazunguka hata kwa kidole. Siku tatu zimekwenda kwenye kazi hiyo, si mbali na wiki uliyotabiri.

Leo Mwalimu ameanguka. Alishuka pale kwenye kona, akasema atatembea pole pole, yeye amefundisha miaka arobaini akiwa amesimama. Akafika hatua ishirini hivi, akakaa chini, akalala ubavu. Walinzi walimbeba. Baada ya mashine akazinduka vizuri, akanitania kwamba gari langu amelipa jina: Kobe. Wote wawili nyuma wakacheka. Mimi nililia nikiwa naendesha, nikajifanya ni jua.

Fundi Jaribu, huyo unayemdharau, leo hakusema "tujaribu". Alinipa mrija wa soda, akaniambia niuweke mdomoni, nizibe pua, nipande ngazi za nyumba ya jirani nikipumua kwa mrija tu. Ngazi ya sita nilikuwa hoi. Akaniambia, "Dada, gari lako ndivyo linavyoishi. Moshi wa zamani haujatoka, hewa mpya itaingia wapi? Likiwa limesimama hewa kidogo inatosha. Mlimani haitoshi." Anataka alegeze bomba pale linapoungana na injini, apande mlima mara moja. Likipata nguvu, basi kizuizi kiko kwenye bomba au kwenye sailensa, lile kopo la kuzima kelele.

Nimemkatalia. Nimemwambia baba amekataza. Aliniangalia kama anayemwangalia mgonjwa.

Kuhusu kelele: hakuna. Halisikiki kabisa. Kwa nini unauliza kelele wakati mimi nakulilia nguvu?

Baba, unajua kazi hii niliipata wiki gani. Unajua nilikuwa wapi wakati Mama ananiulizia. Nilikuwa kwenye mlima huuhuu nikipimwa udereva, nikasema nimalize siku mbili ndipo nije. Nikaja nikakuta viti vimeshatolewa nje na watu wamekaa. Nikiipoteza kazi hii, basi zile siku mbili nilizitupa bure. Nisaidie.

Binti yako,
Spana


13 Machi

Spana,

Miaka thelathini na minne nachomelea mabomba ya moshi. Malori, mabasi, gari la zimamoto, jenereta ya kiwanda cha sabuni. Hakuna aliyerudi kuniambia bomba limemkaba. Leo mtu wa mrija wa soda anifundishe?

Akilegeza hiyo jointi gari litanguruma mpaka wagonjwa mahututi waamke, na kazi utaipoteza siku hiyohiyo bila kungoja tarehe 30. Hilo amekuambia? Hakukuambia.

Panda kwa gia ya kwanza toka chini. Usibadilishe. Washushe wawili, uwarudie. Mwalimu akae mbele.

Unasema hakuna kelele. Hakuna kabisa, au hakuna kwako wewe uliyezoea? Muulize mtu mwingine. Muulize huyo mlinzi.

Bomba msiliguse. Sirudii tena.

Baba yako


17 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimeligusa.

Jana Fundi Jaribu alilegeza nati nne pale mbele, tukapanda mlima asubuhi, wawili. Gari liliruka. Gia ya tatu, Baba, kwenye kona ya ukuta wa mawe. Nilipiga kelele za furaha na sikujisikia, kwa sababu kwa upande mmoja ulisema kweli: linanguruma kama kiwanda. Mlinzi alitoka kwenye kibanda na rungu. Tukageuza.

Tukaenda gereji, tukaishusha sailensa. Fundi Jaribu akaikata kwa grainda, akaifungua katikati. Nilikuwa nimesimama karibu.

Kuna sahani tatu za chuma ndani, moja nyuma ya nyingine, na matundu kila moja ambayo penseli haipiti. Baada ya sahani ya tatu kuna nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, zimeshindiliwa kwa nyundo, na masizi yamezigandisha zikawa tofali. Nyuma yake, ndani ya bomba la mwisho kabisa, ukaongeza sailensa nyingine ndogo, nayo ina sahani. Nimeupitisha mkono juu ya zile alama za kuchomelea. Ni wewe. Huwa unarudisha moto nyuma kidogo mwishoni, unaacha kijibonge. Ningekijua gizani.

Kwa hiyo ulijua. Barua ya kwanza nilipokuandikia ulijua, ukanituma nizungushe magurudumu. Mwalimu ameanguka barabarani na wewe unaniuliza kuhusu kelele.

Nimewaza sana ni kwa nini, na sipati sababu isipokuwa moja. Kwa hiyo naisema.

Ile siku uliyoniletea gari, ulikuwa chini yake unakaza boliti za mwisho, miguu tu iko nje. Mimi nilikaa kwenye ndoo, pembeni ya miguu yako. Nilikuwa nimejiandaa wiki mbili nzima kusema nilichosema. Nilisema yote, Baba. Nilisema mpaka sauti ikakauka. Halafu nikasubiri.

Ukatoa mkono nje ukasema, "Nipe spana namba kumi na nne."

Nikakupa. Nikasema moyoni, sawa, ndilo jibu, nimelistahili. Tangu siku hiyo jambo hilo sijaligusa tena. Lakini kama hukutaka kunisamehe ungesema. Kunipa gari lililokabwa koo ili nishindwe kwenye kazi iliyonichelewesha kwa Mama, hilo sikulitegemea kwako.

Sina sailensa sasa. Zimebaki siku kumi na tatu.

Spana


21 Machi

Baba,

Siku nne bila jibu. Kondakta ananyoosha mkono, mimi sina barua ya kumpa, na yeye hana ya kunipa. Ananipa pole kama amefiwa yeye.

Wiki hii wagonjwa wangu wamebebwa na gari la jirani wa Mama Mshonaji, kwa huruma. Fundi Jaribu amesema anaweza kuunga sailensa ya gari jingine, "tujaribu". Nimemwambia angoje. Sijui namngojea nini.

Kama umenyamaza kwa hasira, niandikie hata hilo.

Spana


23 Machi

Spana,

Sikunyamaza kwa hasira. Nilikuwa nafanya kazi, na barua hii nimeianza mara tano. Shangazi yako ameniambia nisipoimaliza leo ataiandika yeye, na yeye ataweka na mengine. Kwa hiyo naandika.

Sisikii.

Sikio la kulia lilikufa miaka sita iliyopita. La kushoto linasikia mlango ukibamizwa, basi. Nyundo, grainda, na magari yasiyo na sailensa yakiwashwa mbele ya uso wangu maisha yangu yote. Simu zote mbili ulizonipigia ni nzima. Naziona zikiwaka taa, naziangalia mpaka zizime. Huwa najua ni wewe.

Mama yako ndiye aliyegundua kabla yangu. Hakunitangaza. Mteja akileta gari, alikuja gereji na chai, akasimama nyuma ya gari kama mtu anayepumzika. Nikiwasha, akinyanyua kidole kimoja, maana yake bado lina kelele. Nikiongeza kitu nikawasha tena, akinyanyua kiganja kizima, maana yake tosha. Wateja walidhani anawasalimia. Wengine walimpungia. Miaka sita sikuharibu bomba hata moja, na sifa nikachukua mimi. Ile siku alipoondoka niliondokewa na mke na masikio kwa pamoja, na sikumwambia mtu. Fundi wa sailensa asiyesikia ni kichekesho, Spana. Nilijionea aibu.

Halafu wewe ukaniandikia kwamba hospitali inataka gari lisilo na kelele, na kwamba kazi inategemea hilo. Nikalichomelea bomba lako peke yangu. Nikawasha. Hakuna aliyesimama nyuma. Nikaweka kiganja kwenye bomba, likatetemeka. Nikadhani mtetemo ule ndio kelele. Nikaweka sahani. Likatetemeka. Nikaweka ya pili, nikaweka ya tatu, nikashindilia na zile nyuzi, nikaongeza na sailensa ya nyuma. Mwisho likatulia mkononi, nikafurahi. Kumbe nilichokizima ni pumzi. Kitu ambacho namwambia kila mwanafunzi siku ya kwanza, kwamba injini inavuta kadiri inavyotoa, nilikisahau kwa sababu ya woga. Niliogopa usije ukaipoteza kazi kwa ajili yangu.

Uliponiandikia mara ya kwanza nilijua dakika ileile. Nilikuficha. Ningekiri bomba, ungeuliza nilifanyaje kosa kama hilo, na jibu lilikuwa moja tu. Nikakutuma kwenye klachi. Mwalimu akaanguka. Hilo nitamwomba radhi mwenyewe, uso kwa uso.

Sasa pamoja na barua hii kondakta anakupa na mzigo. Ni sailensa na bomba la nyuma. Ndani ya sailensa hakuna sahani hata moja. Ni bomba lililonyooka, inchi mbili kutoka mwanzo hadi mwisho, nimelitoboa matundu pembeni kuzunguka, kwa nje nikalifunga sufi ya kioo, zile nyuzi laini zisizoungua, ndipo likafuata gamba. Moshi unapita katikati bila kugusa kitu. Kelele inapotelea pembeni kwenye matundu. Kona mbili za bomba la zamani zilikuwa zimebanwa zikawa bapa, nazo zilikuwa zinakaba. Hizi nilizoweka ni duara tupu, pitisha chungwa dogo utaona. Huyo Fundi Jaribu aweke gasketi mpya pale mbele, asiweke gundi. Mwambie nimesema mrija wa soda ni mfano mzuri. Nitauiba.

Sijui linalia vipi. Nimelipima kwa rula na kwa macho. Mwisho lazima asimame mtu nyuma yake asikilize, na mtu huyo ni wewe.

Imebaki moja, na ndiyo imenifanya nichane barua nne. Siku ile nilikuwa chini ya gari. Niliona viatu vyako kando ya ndoo. Niliona havitoki, nikajua unasubiri kunipokeza vifaa, kama zamani. Nikaomba spana.

Sikusikia kitu, mwanangu. Ulisema nini?

Andika. Yote. Usifupishe.

Baba yako


30 Machi

Baba, shikamoo.

Kwanza la gari, maana najua ndilo utakaloanza kulitafuta.

Mzigo ulifika Alhamisi. Fundi Jaribu aliipokea ile sailensa kwa mikono miwili, akachungulia upande mmoja akaniona mimi upande wa pili. Akaniuliza kama unaweza kumfundisha. Tukafunga na gasketi mpya. Nikamwambia awashe, mimi nikaenda kusimama nyuma.

Linanguruma, lakini chini, kwenye kifua. Nilisikia ndege kwenye waya na niliwasikia watoto wa jirani wakigombania baiskeli. Nikajikuta nimenyanyua kiganja kizima. Fundi Jaribu akatoa kichwa dirishani akanipungia. Hapo nikakaa kwenye tairi la akiba nikalia, na yeye akazima gari akidhani ameharibu kitu.

Leo saa tatu Msimamizi alikaa mbele. Nyuma walikaa Mwalimu, Mama Mshonaji na Bwana Posta. Walikataa kuwekewa watu wengine, walisema mtihani ni wao pia. Geti la chini, gia ya pili, nikakanyaga, likavuta. Kwenye kona ya ukuta wa mawe niliweka gia ya tatu. Mwalimu akaanza kuhesabu zile hatua zake ishirini kwa sauti, tukazipita kabla hajafika nne. Kando ya wodi ya mahututi mlinzi alikuwa anakunywa chai na hakuinua kichwa. Msimamizi aliandika kitu kwenye karatasi yake, akasema, "Sawa, Jumatatu kama kawaida." Jina la Kobe limekataliwa kwa kura.

Nilikuandikia maneno mabaya. Nilisema umenikaba koo. Nisamehe kwa hilo, na sasa nisamehe kwa lile la kwanza, maana limechelewa miezi minne na zaidi.

Siku ile nilisema hivi. Nilisema: Baba, Shangazi alinipigia Jumanne, akasema Mama ananiulizia. Nilimwuliza, hali ni mbaya? Akasema hapana, anakuulizia tu. Nikachagua kuamini ile hapana kwa sababu ilinifaa. Ningeweza kupanda basi la jioni. Nilikuwa na nauli, nilikuwa na mkoba umeshafungwa. Nikalala nikaamka nikaenda kupimwa udereva, nikafaulu, nikanunua kitambaa cha kumletea zawadi. Kile kitambaa bado kipo kwenye kabati, sijakigusa. Nilisema: sikuombi uniambie sikukosea, kwa sababu nilikosea. Naomba tu uniambie kama aliondoka akiwa amenikasirikia. Hilo ndilo sikuweza kulibeba. Wewe ulikuwa pale, mimi sikuwa.

Ndipo nikasubiri.

Binti yako,
Spana


2 Aprili

Spana,

Marahaba.

Gia ya tatu kwenye kona ni haraka mno na wagonjwa ndani. Pili inatosha. Usinionyeshe ufundi.

Ningesikia siku ile, sijui kama ningejibu. Nilikuwa na maumivu, na mtu mwenye maumivu anaweza kusema lolote. Pengine ingekuwa ni spana vilevile. Kwa hiyo usidhani ni masikio peke yake.

Ulichouliza nakijibu sasa. Jumatano, siku moja kabla, Mama yako hakuwa na sauti tena. Mimi sisikii na yeye hasemi, tukabaki sawa. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nikamwambia Spana yuko kwenye mlima, anapimwa, amesema anakuja kesho kutwa. Nikamwuliza, nimwambie Shangazi yako akupigie tena, akwambie uache kila kitu uje? Nilikuwa nimeshasimama kwenda kumwita.

Akanyanyua kiganja.

Siyo kidole. Kiganja kizima, kama alivyokuwa akinyanyua nyuma ya gari. Nilidhani anaomba maji, nikamletea, akakataa, akakinyanyua tena. Mimi na yeye tumetumia ile lugha miaka sita, na hakuna mtu mwingine aliyeijua, kwa hiyo hakuna wa kuniambia nimeielewa vibaya. Alisema tosha. Alisema mwache mtoto, gari liko sawa.

Ningekuambia siku ya kwanza. Lakini ningekuambia vipi habari ya kiganja bila kukuambia habari ya masikio? Nikakuacha ubebe mzigo huo miezi mitano ili mimi nisionekane kiziwi. Hapo ndipo mimi naomba msamaha wako, na nitaungoja kwa zamu yangu.

Kitambaa usikiache kwenye kabati. Kishone.

Jumatano naja na basi la asubuhi. Alhamisi nataka kukaa mbele tukipanda, na Mwalimu nimwone. Huyo Fundi Jaribu aje na daftari, nitamfundisha kwa mikono.

Nikishuka stendi usiniite kwa nyuma. Nishike bega.

Baba yako